Mwezi wa Alhamisi

Makongeni, Thika
Jumapili, 8 Juni 2025

Kwa Nekoye,

Nakusalimu wewe na Ouma, na huyo mdogo ambaye bado hajatoka. Mimi ni mzima. Sikio la kulia linafanya kazi. La kushoto nililiacha kiwandani pamoja na miaka yangu thelathini na moja. Ndiyo maana nakuandikia. Ulipopiga simu Jumatano nilisikia "daktari" na "kulala", nikadhani kuna mtu amekufa. Nilikaa na huzuni hiyo mpaka jioni, Ouma alipopita hapa akitoka gereji, akanieleza kwamba ni wewe umeambiwa ulale kitandani hadi mtoto azaliwe. Basi lala, mayi, binti yangu. Mama yako mdogo angekuwepo angekuja huko Ruiru kukulaza kwa nguvu.

Mahindi ya Theta yamenifika kiunoni. Ng'ombe wa jirani yangu Mutiso aliingia akala mistari miwili, akatoka. Mutiso ameomba msamaha. Kaburi la mama yako mdogo nimelipalilia na maua ya Nzisa, mke wake, yameshika, ingawa nilimwambia hayatashika.

Sasa jambo lenyewe. Makumbusho ya mama yako mdogo tumepanga Jumamosi tarehe 4 Oktoba, palepale kwenye ploti ya Theta. Muigai, ndugu yake, amekubali. Nilipokuwa nikitafuta picha yake nzuri nilifungua droo ya cherehani, na chini ya nyuzi nikapata daftari lake la vipimo. Kwa mbele ni vipimo kweli: kifua, kiuno, urefu wa sketi za shule. Lakini kwa nyuma amegeuza daftari akaandika mambo mengine. Mwanzoni nilidhani ni vipimo vya watu nisiowajua, kwa sababu mistari ni mifupi, haifiki mwisho wa ukurasa. Halafu nikasoma.

Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, nikaona nikuulize. Kuna mwezi mwingi sana humo. Nimehesabu kumi na tisa. Mingine ni kifungo cha shati, mmoja ni kifuniko cha mkebe. Miaka thelathini na tatu niliishi na Wanja, na kuhusu mwezi sikumbuki akiniambia chochote isipokuwa mara moja, aliposema umepinda. Je, alikuwa sawa?

Wako,
Baba yako mdogo, Wamalwa


Kiuu, Ruiru
17 Juni 2025

Baba mdogo,

Habari za huko? Sisi tuko. Mimi naangalia dari. Ina misumari arobaini na mmoja, na mmoja umekaa vibaya. Ouma anapika. Jana alipika ugali ambao tuliukata kwa kisu, akasema, "Kula, huo ni ugali wa kujenga mtoto." Watoto wangu wa kidato cha pili wamepewa mwalimu wa muda, na nasikia wanamsumbua. Nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Baba, hayo ni mashairi! Ni mashairi huru, yasiyohesabu mizani wala kutafuta vina. Na Mama alikuwa sawa kabisa. Unakumbuka nilivyokuwa nikija kwenu likizo nikiwa chuoni? Alikuwa akichukua noti zangu za ushairi, anaziegemeza kwenye cherehani na kusoma huku anashona. Siku moja alisimamisha mguu akaniuliza, "Nekoye, kwa nini hawa watu wa siku hizi hawauachi mwezi upumzike?" Nilidhani anatania. Sikujua kwamba na yeye anausumbua.

Nakuomba tuyasome siku ya makumbusho. Nitayachapa vizuri, tutoe kijitabu kidogo. Lakini ningependa uniletee daftari wewe mwenyewe, unisomee hapa kando ya kitanda. Kutoka Thika hadi hapa si hata saa moja, na tangu mazishi sijakuona. Ikishindikana, Ouma apige picha kurasa zote kwa simu yake.

Binti yako,
Nekoye


Makongeni, Thika
Jumapili, 13 Julai 2025

Kwa Nekoye,

Salamu nyingi. Natumaini ule msumari umezoeana na wenzake. Hapa kuna baridi na ukungu, na maji yalikatika siku nne. Idah wa kwaya, yule aliyekuwa akishona na mama yako mdogo sare za kanisa, alinipa mtungi mmoja na kunikemea kwa kutovaa soksi.

Kuja Ruiru sitaweza. Kuna palizi.

Ouma alitaka kupiga picha nikamkataza, kwa sababu kazi ilikuwa bado haijaisha. Sasa imeisha, na daftari nimempa akuletee. Nieleze nilichofanya. Unajua kwetu siku ya makumbusho mzee husimama akauliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu. Kilichosomwa siku hiyo kisipopingwa, huwa ndiyo kweli. Sasa fikiria Idah anasimama na kusoma kwamba tarehe 20 Machi 2023 mwezi ulikuwa mzima, halafu mtu wa kuelewa, kama Muigai, anasema haukuwa mzima. Wanja ataitwa mwongo na yeye yuko pale chini hawezi kujibu. Nilikataa jambo hilo.

Kwa bahati kalenda zangu huwa sitoi. Natundika mpya juu ya kuukuu kwenye msumari uleule, na zile ninazopewa kwenye duka la mbegu na dawa za ng'ombe huonyesha mwezi. Nilizishusha, nikakagua mwezi mmoja baada ya mwingine, kama nilivyokuwa nikikagua vifuniko vya mikebe ya mananasi. Matokeo ni haya. Katika miezi kumi na tisa, sita ilikuwa sahihi. Ule wa tarehe 16 Aprili 2024 unaochomoza saa saba mchana juu ya kamba ya nguo ni sahihi kabisa, nimeuwekea alama ya ndiyo. Miwili sikuweza kuamua, kwa sababu nakumbuka siku hizo kulinyesha. Kumi na mmoja haikuwa sahihi. Nimenunua ile rangi nyeupe ya kufutia kalamu, nikafuta palipo na kosa, na juu yake nimeandika kweli. Nimeiga mwandiko wake kadiri nilivyoweza.

Kuna mahali amesema mwezi ni kifuniko cha mkebe na "anayekikagua amesinzia." Sikuwahi kusinzia kazini hata siku moja. Nimerekebisha.

Ilinichukua siku ishirini. Ilikuwa shughuli nzuri.

Wako,
Wamalwa


Kiuu, Ruiru
20 Julai 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mtoto anapiga teke upande wa kushoto tu. Ouma anasema atakuwa winga. Daktari ameridhika. Mama mkwe ametuma samaki kutoka Siaya, na nyumba nzima inanuka kama samaki ndiye mwenye nyumba.

Baba, nililia nilipofungua daftari. Naomba usikasirike kwa nitakayosema. Ulifanya kwa mapenzi, nimeona, hata mwandiko umeuiga hadi ile "r" yake inayoinama. Lakini umeyaharibu.

Mama aliandika: "Mwezi ni kifungo kilichokatika kwenye shati la mtu asiyerudi kukidai." Sasa limekuwa: "Mwezi haukuonekana tarehe hiyo." Ni kweli. Lakini si shairi, ni kalenda.

Ngoja nikueleze kama ninavyowaeleza kidato cha pili, nao pia hunibishia. Katika mashairi tuliyokaririshwa zamani mwezi ulikuwa uso wa mpenzi, na mpenzi alikuwa mbali, na mwezi ulikuwa mbali, mambo yakaisha hapo. Baadaye wakaja washairi wa miji, watu wa stima na viwanda na vita, wakautazama mwezi wakaona haufanani tena na mtu wanayemjua. Wakaushusha kutoka kule juu. Mmoja akaufanya jino la mtoto, mwingine taa ya wodi, mwingine sahani isiyo na chakula. Wengine walikuwa wamefungiwa chumbani, hata dirisha hawana, wakaandika mwezi. Hawakuwa wakitupa habari ya anga. Walikuwa wakisema wao wako wapi, na nini kinakosekana hapo walipo. Mwezi ulikuwa kitu cha karibu cha kuwekea hilo, kwa sababu kila mtu anao na hakuna anayeushika.

Kwa hiyo Mama alipoandika mwezi mzima siku ambayo haukuwepo, hakukosea tarehe. Aliuhitaji siku hiyo. Na yule aliyesinzia akikagua kifuniko, Baba, hakusema wewe umezembea. Nadhani alikuwa anakuona umelala kwenye kiti baada ya zamu, viatu bado miguuni, na yeye anashona. Mimi mwenyewe nimekuona hivyo mara nyingi.

Kuna kitu kimoja sikielewi. Kurasa nyingine umefuta neno au mstari. Ukurasa wa mwisho kabisa umeupaka wote, juu hadi chini, na hukuandika kitu juu yake. Palikuwa na nini?

Nekoye


Makongeni, Thika
Jumapili, 3 Agosti 2025

Kwa Nekoye,

Nimepokea barua yako na samaki. Asante, mwambie mama mkwe wako. Paka wa jirani pia anashukuru, alichukua mmoja.

Mahindi yameanza kubeba. Mutiso amejenga ua. Ng'ombe ameuangalia. Idah ananiambia hema la kanisa tutapewa bure lakini viti tutafute. Muigai ataleta mbuzi wawili, na amesema mmoja ni wa kwake binafsi kwa sababu Wanja alikuwa dada yake mkubwa na ndiye aliyemfunza kufunga viatu. Sikulijua hilo. Kila wiki najifunza jambo jipya juu ya mke wangu.

Uliyosema juu ya mwezi nimeyasoma polepole. Sikukasirika. Kama nimeharibu, nimeharibu, naomba radhi kwake na kwako. Kuhusu kiti na viatu sina hakika, lakini inawezekana.

Kuhusu ukurasa wa mwisho, rangi ilimwagika.

Lala vizuri.

Wamalwa


Kiuu, Ruiru
31 Agosti 2025

Baba mdogo,

Salamu kutoka kitandani. Sasa mimi ni mlima, na mlima hauandiki vizuri, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Ouma alikuwa Mombasa wiki tatu kufuata injini ya tajiri wake, ndiyo sababu ya kukawia.

Baba, rangi iliyomwagika haina mistari iliyonyooka.

Nilikuwa na muda mwingi. Unajua Mama alivyokuwa akiandika: anakandamiza kalamu kama anayekata kitambaa kizito. Kila neno limetokea upande wa pili wa karatasi. Nilifunua nyuma ya ukurasa, nikamwambia Ouma anishikie kioo cha kunyolea. Alilalamika. "Mwalimu, mkono umekufa." Nikamwambia angoje ufe vizuri. Tukasoma neno moja moja. Mashairi yote kumi na mawili uliyofuta au kurekebisha yamerudi. La mwisho tulilisoma jana, na lilipoisha Ouma aliweka kioo chini akatoka nje. Ni hili.

     3 Oktoba 2024

     Alhamisi, saa kumi na moja.
     Mwezi mzima umeingia wodini
     na askari hakuuliza unamwona nani.
     Ni wewe umeubeba, mume wangu,
     umeumimina kwenye bakuli,
     ukaketi, ukageuza sikio linalosikia.
     Hatukusema kitu.
     Tuliula kwa kijiko kimoja
     mpaka ukabaki ukingo,
     na ukingo tukauachia kesho.

Nimefundisha ushairi miaka saba na sijawahi kushika karatasi kama hii. Aliandika siku tatu kabla ya kututoka. Nimetazama kalenda kama wewe: tarehe 3 Oktoba mwaka jana mwezi ulikuwa bado haujaandama, hakuna jicho lingeuona. Kama ni hilo lililokufanya upake rangi, nimeshakueleza habari ya mwezi.

Nataka hili ndilo lisomwe la mwisho siku ile. Lakini ni la kwako, limeandikwa kwako. Bila ruhusa yako sitalichapa. Niambie tu kosa liko wapi.

Nekoye


Makongeni, Thika
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwa Nekoye,

Nakusalimu. Nilianza barua hii mara nne. Hali ya hewa ni nzuri. Mahindi yamekauka, nitavuna baada ya makumbusho.

Katika ukurasa ule kuna vitu viwili ambavyo havikuwepo siku hiyo. Mwezi ni kimoja.

Jumatano iliyotangulia daktari aliniita pembeni, akaniambia nijiandae. Alisema karibu na sikio la kushoto, nikamwomba arudie, akarudia kwa sauti, na watu kwenye benchi wakanitazama. Alhamisi nilipika uji wa wimbi, kwa sababu alikuwa amekataa chakula cha wodi siku nyingi na alisema labda uji. Nikautia kwenye chupa ya chai, nikafika Ruiru saa kumi kasoro. Nilikwenda hadi geti la hospitali. Askari akaniuliza, "Mzee, unamwona nani?" Kila siku alikuwa akiniuliza hivyo na nilikuwa nikijibu. Siku hiyo nikamwambia nimepotea njia. Akanionyesha barabara ya kwenda mjini kwa heshima kabisa.

Nilikaa chini ya ukuta wa duka la mbao, ng'ambo ya barabara. Niliona watu wakiingia, na saa kumi na mbili nikaona wakitoka. Uji ulikuwa unapoa. Niliunywa mimi. Sikutaka kuumwaga.

Ijumaa nilikwenda. Nilimwambia jana kulikuwa na jam barabarani. Akasema, "Pole na jam." Hakuniuliza uji. Daftari lilikuwa chini ya mto, niliona kona yake, nikadhani anaendelea na vipimo vya watu. Jumapili akaenda.

Tangu hapo sijaweza kuja Ruiru. Si palizi. Ukitaka kufika kwenu Kiuu unapita pale.

Sasa umeelewa. Idah akisoma hivyo, watu watasema Wamalwa alikuwa mume, alikaa naye, alimlisha kwa kijiko. Watanishika mkono. Hakuna atakayepinga kwa sababu hakuna anayejua, na litakuwa ndiyo kweli. Nitakuwa nimeiba. Nilifikiri kuandika juu yake kweli, kama kwenye zile nyingine, lakini kweli yenyewe ni neno moja, "hakuja", na sikuweza kuliandika kwa mwandiko wake.

Nimekueleza wewe peke yako. Fanya unavyoona.

Wamalwa


Kiuu, Ruiru
26 Septemba 2025

Baba mdogo,

Mtoto amezaliwa tarehe 19, msichana, kilo tatu na kidogo. Mama yake Ouma ameshampa jina, na mimi nimeshaarifiwa. Analala mchana. Nina mshono, na daktari amesema tarehe 4 nisifikirie hata kukaa kwenye gari. Nililia kidogo, halafu mtoto akalia zaidi, nikamwachia.

Barua yako niliisoma kabla ya kwenda kujifungua. Sitasema kitu kuhusu ile siku. Ulikuwa umebeba uji.

Ninachoweza kusema ni cha mwalimu tu. Hukuja, na Mama alijua hukuja. Alikuwa na kalamu na karatasi na jioni nzima. Angeweza kuandika kwamba hukuja. Watu wengi wangeandika hivyo, na lingekuwa shairi zuri, na sisi sote tungelia. Badala yake alichukua mwezi ambao haukuwepo na mtu ambaye hakuwepo, akaviweka pamoja. Sijui kama alikuwa amekusamehe, hilo sitakudanganya. Najua alitaka uwepo.

Sitaamua mimi. Nimechapa vijitabu mia moja, Ouma atavileta Jumatatu. La mwisho nimelichapa kwenye karatasi yake peke yake, haijashonwa na nyingine. Ukitaka, Idah ataitia ndani. Usipotaka, ibaki kwako.

Kitu kingine. Masahihisho yako yote nimeyachapa mwishoni mwa kijitabu, chini ya kichwa "Mwezi kwa Mujibu wa Kalenda, Umekaguliwa na Mume." Ni kazi ya siku ishirini, isipotee.

Nekoye


Makongeni, Thika
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kwa Nekoye, na huyo mpya,

Nawasalimu nyote wawili, na Ouma atakayewasomea kama mmechoka. Mbuzi wawili walitosha. Mvua ilitishia ikaacha. Viti vilipungua, watu wa upande wa Muigai wakakaa kwenye mawe bila kulalamika, ila Muigai mwenyewe, aliyelalamika akiwa kwenye kiti. Yale masahihisho yangu yalipendwa. Mzee mmoja alinifuata kuniuliza mwezi wa mwaka 1998 alipoolewa binti yake. Nilimwambia kalenda hiyo sina.

Karatasi ile nilikaa nayo mfukoni mpaka Idah alipomaliza mengine. Halafu nikainuka nikampa. Akaisoma kimya kwanza, akanitazama, akaanza kwa sauti. Alipofika "Ni wewe umeubeba, mume wangu," watu wakaanza kuguna ule mguno wa kusifu. Nikasimama.

Nikasema, "Sikuwepo."

Idah akaacha kusoma. Nikasema tena, kwa sababu sikujua kama nimesikika. Nikasema nilifika getini, nikarudi, na uji niliunywa mimi, na kesho yake nikamdanganya ni jam. Nilisema yote.

Halafu Muigai, ambaye huniita muthoni, yaani shemeji kwa Kikuyu, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Muthoni, kaa chini."

"Sikuwepo, Muigai. Nataka watu wajue."

"Wamejua. Kaa chini. Mwenye kuandika amesema ulikuwepo."

"Amekosea."

"Miaka thelathini na tatu," akasema, "wewe ulimshinda dada yangu kwa maneno lini? Ama ulingoja azikwe ndiyo uanze?"

Watu wengine walicheka. Halafu wakaacha. Nilimwona Muigai ametoa leso na anajifanya anafuta miwani, na yeye hana miwani.

Idah akaniuliza, "Niendelee ama niache?"

Nilitazama karatasi mkononi mwake. Nikamwambia aendelee. Sikukaa. Nilisimama mpaka mwisho, sikio la kulia limeelekea kwake, na nilisikia kila neno.

Mzee wa mkutano akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyesimama. Nilidhani mambo yameisha. Ndipo Nzisa, mke wa Mutiso, akainua mkono kama mtoto wa shule. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea mama yako mdogo supu wodini wiki ile ya kwanza, na supu ikawa inarudi ilivyo.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Huo mwezi, waliula?"

Idah akaangalia karatasi. "Waliula."

"Wote?"

"Umebaki ukingo."

Nzisa akakaa. "Basi siku hiyo alikula vizuri," akasema.

Hakuna aliyepinga. Tulikwenda kula.

Kuja huko bado sijaweza. Nimejaribu jana hadi stendi, nikarudi. Nitajaribu tena, siahidi siku. Mtoto atakapoanza kujua watu kwa majina, mtajie na langu, mwambie nipo huku Thika.

Wamalwa